Hedimasta Mofazzal Anakuja Kuniona

Mjini kwetu msichana akiambiwa Hedimasta Mofazzal anakuja kumwona, hakimbilii poda. Anakimbilia kitabu cha sarufi ya Kiingereza.

Hedimasta alistaafu zamani, lakini kustaafu kwenyewe ni kwa jina tu. Anamtafutia mke kijana wake Sajjad, yule aliyeko Malesia kwenye kiwanda cha glavu. Kila nyumba anayoingia anakunywa chai, anafuta miwani kwa ncha ya shali, halafu anamwambia msichana: "Haya binti, geuza." Anakutolea sentensi ya Kiingereza iliyo katika kauli ya kutenda, na wewe umrudishie katika kauli ya kutendwa. Paka ameua panya. Panya ameuawa na paka. Ukisema kwa lugha ya nyumbani ni kama kunywa maji. Kwa Kiingereza kila neno linataka kuhamishwa na mzigo wake, na nimeona wavulana wenye ndevu wakilia kwenye chumba cha mtihani kwa sababu hiyo.

Binti wa mwenye duka la dawa alishindwa. Binti wa karani wa ardhi alishindwa mpaka akazimia, wakammwagia maji, sari yote ikaharibika. Mmoja wa ng'ambo ya mto alipata mbili akakosa zilizobaki. Hedimasta akamaliza sambusa yake, akasema, "Allah ampe heri," akavaa viatu. Watu walicheka wiki nzima. Na mimi nilicheka. Nilikuwa darasa la kumi, mtihani wa bodi, ule wa kumaliza shule, ulikuwa Februari, na haikunijia kabisa kwamba kuna mtu anaweza kuja kuniangalia mimi. Mimi siyo mtu wa kuangaliwa. Darasani nikiitwa jina nasimama, na kabla sijafungua mdomo masikio yashapata moto.

Halafu Shangazi Rokeya akaja na habari.

Alikuja asubuhi, Mama akiwa jikoni anapika vitumbua vya mvuke, Baba anakula cha kwanza kabla hajaenda kufungua duka lake la mabati. Shangazi ni mkubwa kwa Baba, na Baba hajawahi kumbishia tangu azaliwe.

"Anis," Shangazi akasema, hata hajakaa. "Nyota ya mtoto imewaka."

"Mtoto gani?"

"Una wangapi? Hedimasta Mofazzal anakuja Ijumaa."

"Hapa? Kufanya nini?"

"Kununua mabati! Kumwona Jhumur, nini tena?"

Mama alifunua chungu, mvuke ukamfunika uso. "Wifi, mtoto ana mtihani," alisema kutoka humo ndani ya mvuke. "Na umri wake bado."

"Umri si unaandikwa tu. Na mtihani, mtihani ndiyo nini? Sajjad anapewa likizo Januari. Akija akakuta mambo tayari, anaoa, anarudi kazini. Mama yake magoti yamekwisha, anataka mtu wa kushika nyumba. Mtihani wake atafanyia huko jikoni."

Baba alitafuna polepole. "Lakini yule mzee anauliza Kiingereza."

"Ndiyo maana nimemwambia wako anakijua."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa mlangoni na begi langu la tuisheni, nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Unakijua?" Baba akauliza.

Nilitaka kujibu, ila sikujua jibu lipi litaniokoa.

"Anakijua," Baba akajijibu mwenyewe. "Haiwezekani asikijue. Kila alfajiri, ukungu huu, baridi hii, anakwenda kwa Nirmal. Kama hawezi kugeuza sentensi mbele ya wageni, basi hizo alfajiri zote zilikuwa za nini? Tutakuwa tunadanganyana. Bora akae nyumbani amsaidie mama yake."

Alisema bila hasira, kama mtu anayepima bati. Mimi ndiyo nikaona nilivyobanwa. Nikigeuza vizuri, naolewa Januari, na mtihani sifanyi. Nikigeuza vibaya, Baba ananitoa shule, na mtihani sifanyi. Njia nzima ya kwenda tuisheni nilizunguka na jambo hilo kama kuku anayetafuta tundu kwenye uzio. Kila ukitia kichwa, waya.

Kwa Mwalimu Nirmal tunakaa barazani kwenye mikeka, wasichana upande wa ukuta, wavulana upande wa upepo. Yeye anakaa kwenye kiti cha mwanzi na kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi, anapiga meza kwa rula. Anasema, "Mtendwa?" sisi tunaitikia, "Mbele!" Anasema, "Mtenda?" tunaitikia, "Nyuma!" Anasema, "Na sentensi ya amri?" na hapo hakuna anayeitikia. Sentensi ya amri, ile ya funga mlango, leta maji, ndiyo inayoua watu. Mwalimu Nirmal ametuimbisha hiyo mpaka naisikia nikiwa napiga mswaki.

Siku ile nilikuta habari imefika kabla yangu. Lipi, rafiki yangu, aliniachia nafasi karibu naye akaninong'oneza, "Karibu, mke wa Malesia. Umetuletea glavu?"

"Nyamaza."

"Mkono mmoja tu, basi. Wa kuoshea vyombo."

Kipindi kilipokwisha Mwalimu akasema, "Jhumur, wewe baki."

Alingoja wenzangu wavae viatu. Kisha akavua kofia, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

"Mama," akaniita, maana wasichana wote anawaita mama, "unajua mimi nilikuwa mwalimu wa kawaida chini ya Mofazzal?"

Nikatikisa kichwa.

"Siku moja mkaguzi amekaa nyuma ya darasa. Mimi naandika ubaoni. Mofazzal akasimama, akachukua chaki mkononi mwangu, akanisahihisha. Mbele ya mkaguzi, mama. Mbele ya watoto. Na nilikuwa sijakosea, nilikuwa sijamaliza tu." Alivaa kofia tena. "Sasa Mungu amemleta mwenyewe mpaka kwa mwanafunzi wangu. Utamjibu zote. Utamjibu mpaka akose ya kuuliza. Jina langu limo mdomoni mwako."

Na yeye pia! Nilimwitikia, "Ndiyo, Mwalimu," kwa sababu hilo ndilo neno pekee ninaloliweza.

Lipi alikuwa ananingoja kwenye daraja la mianzi. Nikamweleza yote. Lipi haogopi mtu, ndiyo maana anapata alama mbaya na analala usingizi mzuri.

"Wewe kosea," akasema.

"Nikikosea Baba ananitoa shule."

"Baba yako anajua Kiingereza?"

"Hapana."

"Shangazi yako?"

"Anajua 'sawa' na 'asante'."

"Basi nani atajua umekosea? Hedimasta peke yake. Na yeye si hasemi? Anasema 'Allah ampe heri', anavaa viatu. Kwenu watafikiri ameona pua yako kubwa."

"Pua yangu si kubwa."

"Nimetoa mfano! We, sikiliza. Wale wa mwanzo ilijulikana kwa sababu mmoja alinyamaza, mwingine akazimia. Wewe usizimie. Jibu harakaharaka, sauti nzuri, uso mkavu, ila jibu upuuzi. Baba yako atasikia Kiingereza kinatiririka, atafurahi. Mzee atasikia upuuzi, ataondoka. Unabaki na mtihani wako."

Nilimtazama Lipi kama nimemwona leo. Lilikuwa tundu kwenye uzio. Dogo, lakini tundu.

Basi siku zilizobaki nikajifunza kukosea. Ni kazi, msifikiri. Mwalimu Nirmal ameshakigonga kile kitu kikaingia mfupani, ulimi unakwenda wenyewe. Nilikuwa nasonga unga huku najisemesha, paka ameuawa na panya, paka ameuawa na panya, na Mama ananiangalia kwa jicho la pembeni lakini hasemi kitu.

Ijumaa wakaja baada ya sala, kwa riksha ya betri, Hedimasta na mkewe. Shangazi ndiye aliyenivisha sari, ya Mama ya harusi, akaifunga kwa pini nyingi mpaka nikawa sipumui vizuri. "Ukitembea usitikise mabega," akasema. "Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, usipumue." Halafu akanikabidhi trei ya chai, akanisukuma.

Sijui niliingiaje. Nakumbuka vikombe vilikuwa vinaongea vyenyewe kwenye trei. Hedimasta alikaa kwenye kochi, mwembamba, shali ya kijivu, magoti yamepandana. Mkewe alikaa karibu na dirisha na simu ameiegemeza kwenye bakuli la machungwa. Ndani ya simu alikuwepo Sajjad, mtandao umemganda mdomo wazi na jicho moja limefumba.

"Sajjad, baba, unamwona?" mkewe akaiuliza simu.

Sajjad kimya, mdomo wazi.

"Ameduwaa kwa uzuri," Shangazi akasema. Hakuna aliyecheka ila yeye.

Yule mama akaniambia nifungue nywele. Nikafungua. Akaniambia nitembee mpaka mlangoni nirudi. Nikatembea, mabega yametulia. Akauliza, "Samaki unaweza kukwangua?" Nikasema naweza. "Hata wakubwa?" Hata wakubwa. Akanishika mkono akaugeuza juu chini, akabinya kiganja kama anachagua bilinganya. "Mikono laini," akasema, na haikuwa sifa.

Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, hanitazami mimi, anamtazama Hedimasta tu. Ndipo nikaelewa atanisikiaje. Atasikiliza kwa macho.

Hedimasta akaweka kikombe. Akafuta miwani.

"Haya binti, geuza."

Akatoa ya kwanza kwa Kiingereza, polepole, kila herufi mahali pake. Ilikuwa ni ileile, paka ameua panya. Hata mtoto wa darasa la sita anaipata.

Nikafungua mdomo, nikamwambia kwa sauti nzuri na uso mkavu kwamba paka ameuawa na panya.

Baba akatikisa kichwa kwa raha, kama mtu anayesikia Kurani kwa msomaji mzuri. Hedimasta hakubadilika uso. Akatoa ya pili, mkulima analima shamba. Nikampa shamba lililokwisha limwa mwaka jana. Ya tatu, watoto watamletea mwalimu maua. Hiyo niliivuruga mpaka maua yakawaleta watoto. Nilikuwa naanza kuzoea. Ajabu ni kwamba sikuwa na haya kabisa, kwa mara ya kwanza maishani, maana aliyekuwa anaongea hakuwa mimi.

Halafu akasema, haraka, bila kunipa nafasi, "Funga mlango."

Sentensi ya amri. Na mdomo wangu, laana ya mdomo wangu, ukamjibu kwa ule wimbo wa rula ya Mwalimu Nirmal, sawasawa, mlango na ufungwe, na kila neno lilikaa pale panapotakiwa.

Hedimasta alikuwa amenyanyua kikombe. Akakirudisha bila kunywa.

Nje adhana ya alasiri ikaanza.

"Nitatawadha," akasema akisimama. "Binti atanipampia maji."

"Mimi nitakupampia, Mwalimu," Baba akarukia.

"Wewe kaa na mgeni wako," akasema, akimwonyesha Sajjad aliyeganda.

Pampu yetu ya mkono iko nyuma ya jikoni, kwenye sakafu ya saruji. Inalia sana, ule mlio wa chuma kwa chuma. Hedimasta akakunja suruali, akachuchumaa mbele ya bomba. Nikashika mpini na pini zote za Shangazi zikanichoma.

"Polepole," akasema. "Maji yananirukia."

Nikapunguza. Akaosha mikono. Akasukutua. Halafu, bila kuniangalia, akaanza kuongea kwa sauti ya chini, na mlio wa pampu ukawa unaifunika.

"Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Mtoto asiyejua hukosea kosa lile lile. Umpe sentensi mia, atakosea kosa moja mara mia, kwa uaminifu kabisa. Wewe umekosea mara tatu, na kila kosa limevaa shati lake. Halafu lile la mlango, ambalo walimu wenzangu walikuwa wanalikimbia, umelipata." Akaosha uso. "Nani amekutuma? Baba yako?"

Nikatikisa kichwa.

"Nirmal? Anataka kunicheza shere uzeeni?"

Nikatikisa tena kukataa, kwa nguvu.

"Basi ni wewe. Humtaki mwanangu."

Nilipampu.

"Binti, nimemaliza uso. Nangoja mikono, umesimama."

Sikujua kama nimesimama. Maji yalikuwa yanadondoka tu. Nilijua akinyanyuka pale bila mimi kusema kitu, basi, kitakachofuata wataamua watu wengine sebuleni. Nikayaambia maji.

"Nataka kufanya mtihani."

"Sema tena."

"Mtihani wa Februari. Nataka kuufanya."

"Ndiyo hicho tu?" Akaosha mkono wa kulia mpaka kiwikoni. "Hilo ni jepesi. Nitawaambia umeshindwa, naenda zangu."

"Usiseme!" Sauti ilitoka kubwa mpaka kuku wakakimbia. Nikaishusha. "Ukisema nimeshindwa Baba ananitoa shule. Alishasema."

"Basi nitasema umefaulu."

"Mtanichukua Januari."

Akabaki amechuchumaa, mkono wa kushoto hewani, maji yanachuruzika kwenye kiwiko. Nadhani hajawahi kukwamishwa na mwanafunzi. "Sasa wewe unataka niseme nini?"

Mimi mwenyewe sikuwa nalijua mpaka likatoka. "Zuia matokeo."

"Nini?"

"Kama bodi. Bodi wakiwa na shaka hawasemi umefaulu, hawasemi umeshindwa. Wanaandika matokeo yamezuiwa. Ya kaka yake Lipi yalizuiwa, na hakuna aliyemfukuza popote, kila mtu alikuwa anangoja tu. Zuia mpaka mtihani upite."

Aliangalia juu, mara ya kwanza. Macho bila miwani yalikuwa madogo na mekundu, ya mtu wa kawaida tu.

"Pampu," akasema. "Miguu bado."

Nikampampia. Akaosha mguu wa kulia, katikati ya vidole, taratibu, kama hakuna kilichosemwa. Kwenye mguu wa kushoto akasema:

"Nitazuia. Mpaka bodi itoe yake, mwezi wa tano. Ukipata alama za juu kabisa, narudi na pete."

"Na nikipata za kati?"

"Za kati nitajua ni makusudi tena. Safari hiyo nitasema mbele ya baba yako, na nitamweleza na ya leo pia." Akakunjua suruali. "Mke wangu anatafuta mtu wa kukwangua samaki. Sajjad anatafuta picha ya kuweka kwenye simu. Mimi kwenye nyumba ile nimekaa miaka mingi, nikisema sentensi hakuna anayenijibu. Leo nimejibiwa. Vibaya, lakini nimejibiwa."

Akaenda kusali kwenye baraza. Nilibaki nimeshika mpini. Nilimwonea huruma kidogo, na huruma hiyo ilinitisha kuliko yote aliyoyasema.

Sebuleni alitangaza akiwa amesimama, kama yuko gwaride la shule. "Binti huyu sijamfaulisha, sijamwangusha. Matokeo yamezuiwa."

Baba akapauka. "Yamezuiwa? Kwani amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nazuia mpaka bodi itoe ya kwao. Mtihani aufanye, na aufanye vizuri. Mke wa mwanangu hawezi kuwa nusunusu."

"Na magoti yangu?" mkewe akauliza.

"Magoti yako yamengoja miaka, yatangoja na miezi."

"Jamani," Shangazi akasema, "tumepika samaki mkubwa hivi ili mambo yazuiwe?"

Hapo simu ikazinduka kwenye bakuli la machungwa. "Halo? Halo? Mama, mbona sioni mtu? Ni huyu mwenye shali?"

"Huyo ni baba yako, mjinga wewe," mama yake akasema, akaizima.

Walipoondoka nilidhani Baba atakasirika. Hata! Usiku ule ule alikuwa anamweleza jirani juu ya ukuta, "Wenzake wote aliwakataa palepale. Wangu amemzuia!" Kama nimepewa cheo. Kesho yake alileta taa ya kuchaji, umeme ukikatika nisikose mwanga. Runinga ikazimwa mpaka Februari. Shangazi Rokeya, ambaye hajawahi kutuletea hata limau, akaja na mayai ya bata. "Ya ubongo," akasema. "Kula. Mwezi wa tano si mbali." Mwalimu Nirmal naye anatembea kifua mbele, anawaambia wavulana, "Alitafuta kosa kwa Jhumur akalikosa, ndiyo maana akazuia." Nikiwa barazani kwake siwezi kuinua macho. Lipi ndiye aliyeuliza swali la maana: "Kwa hiyo umefaulu au umeshindwa?"

"Sijui."

"Lakini mtihani unafanya?"

"Nafanya."

"Basi tumeshinda," akasema, na mimi nikashindwa kumweleza kwamba uzio ni ule ule, umesogezwa mbele tu.

Maana sasa nyumba nzima inanisaidia kusoma. Sijawahi kusoma vizuri hivi. Nikipata sentensi sawa nafurahi, halafu namwona Hedimasta anashuka kwenye riksha. Nikikosa naogopa, halafu namwona Baba anafungia vitabu vyangu kabatini. Kila mtu akipita karibu na meza yangu anatembea kwa ncha za vidole, na mimi katikati yao nageuza, nageuza.

Jana nilikwenda jikoni. Mama alikuwa amekaa sakafuni anamenya kamba wadogo kwenye sinia. Nikachuchumaa karibu naye nikaanza kumsaidia. Tukamenya, yeye ana haraka, mimi nachelewa. Sinia lilipofika nusu nikasema, "Mama, sitaki."

Hakuuliza sitaki nini. Alimenya wawili watatu.

"Ukienda kumwambia baba yako," akasema, "usikae kulia kwake. Sikio lile limekufa kwa kelele za mabati, anaitikia kwa kichwa tu ili usijue. Watu wengi wanadhani amekubali, kumbe hajasikia. Kaa kushoto."

Nilimwangalia. Alikuwa anaangalia kamba.

"Na umwambie kabla hajaanza kula. Akishaanza kula hasikii upande wowote." Akajifuta mkono kwenye sari. "Haya, sema nisikie."

"Sitaki."

"Hilo hata huyu kamba hakulisikia. Tena."

"Sitaki, Mama."

"Mimi siyo wa kuambiwa, mimi najua. Jifanye baba yako ndiye yule pale mlangoni, amevua viatu, ana njaa. Tena."

Nikavuta pumzi. Masikio yakapata moto.

"Baba, sitaki!"

Mama akatupa ganda kwenye ndoo, akachukua kamba mwingine.

"Tena," akasema.